Chevrolet ya 1957: Chuma, Kutu na Ushahidi wa Gari la Kale

Mnamo tarehe 15 Juni, 1957, mji wa Tulsa, katika jimbo la Oklahoma nchini Marekani, ulizika gari jipya ardhini. Jimbo hilo lilikuwa likiadhimisha miaka 50 tangu lilipokubaliwa kuwa jimbo la Marekani, na wenyeji walitaka kuwaachia wajukuu wao kumbukumbu ya zama zao. Gari hilo, Plymouth Belvedere ya rangi ya dhahabu na nyeupe, lilizungushiwa karatasi za plastiki, likateremshwa katika handaki la zege mbele ya mahakama. Ndani yake iliwekwa hata akiba ya petroli, kwa kuwa waandaaji walihofu kwamba ifikapo mwaka 2007 mafuta hayo huenda yasipatikane tena.

Miaka 50 ilipotimia handaki lilifunguliwa mbele ya umati mkubwa. Maji yalikuwa yameingia ndani yake. Gari lililozikwa likiwa jipya lilikuwa limegeuka kuwa pande la kutu. Mafundi waliolisafisha baadaye waliona kwamba bati na fremu vilikuwa vimedhoofika mno, hata gari hilo lisiweze kurudishwa tena barabarani.

Lakini katika muda huo huo, magari mengine ya mwaka 1957, ambayo yalipigwa na jua, mvua na theluji na kupita mikononi mwa wenyeji wengi, yamefikia siku zetu yaking'aa kama yaliyotoka kiwandani jana. Mashuhuri mojawapo ni Chevrolet Bel Air yenye paa la kukunja, ambayo wakusanyaji wa magari ya kale nchini Marekani huitafuta kwa bidii. Kwa nini gari lililolindwa limeangamia, ilhali yaliyotumika yamesalia? Na yale yaliyosalia, baada ya kupitia mikono mingi ya mafundi, je, bado ni magari ya mwaka 1957? Swali la kwanza ni la kemia na ufundi. La pili linahusu ushahidi, na ndilo linalowagawa zaidi wataalamu wa fani hii.

GARI LENYEWE

Bel Air ya mwaka 1957 ni gari lenye urefu wa zaidi kidogo ya mita 5. Nyuma yake kuna mapezi mawili yaliyoinuka mithili ya mapezi ya samaki, na ubavuni mwa kila pezi kuna pambo la bati la alumini. Gari lililoagizwa na injini ya silinda nane liliweza kupata injini ya ujazo wa lita 4.6, ambayo silinda zake zimepangwa katika mistari miwili inayofanya umbo la herufi V. Umeme wake ni wa volti 12, mfumo ambao Chevrolet ilianza kuutumia mwaka 1955 badala ya volti 6.

Mwaka huo yalitengenezwa zaidi ya magari 47,000 ya Bel Air yenye paa la kukunja, na bei yake ilikuwa zaidi kidogo ya dola 2,500. Halikuwa gari la wafalme. Lilikuwa gari ambalo mwalimu au fundi wa Marekani aliweza kulitamani na, kwa kujinyima, kulinunua. Kwa sababu hiyo halikutunzwa kama kito cha thamani. Lilitumika, likachoka, na mengi yakaishia kwenye majalala ya vyuma chakavu. Yaliyobaki ndiyo yanayogombaniwa leo.

BOKSI LISILO NA KIFUNIKO

Paa la gari la kawaida halizuii mvua tu. Pamoja na sakafu, nguzo na kuta za pembeni, hufanya umbo la sanduku lililofungwa, na sanduku lililofungwa ni gumu kupindika. Mwanafunzi anaweza kulithibitisha jambo hili kwa boksi la viatu. Likiwa na kifuniko kilichogundishwa imara, ukilishika pembe zake na kujaribu kulisokota, halikubali kwa urahisi. Ukiondoa kifuniko, boksi lile lile husokoteka kama kitambaa.

Wahandisi walilijua jambo hilo. Walipoliondoa paa la bati na kuweka paa la kitambaa kizito kilichopakwa plastiki, iliwabidi waurudishe ugumu uliopotea kwa njia nyingine. Fremu ya chuma iliyo chini ya Chevrolet ya paa la kukunja iliongezewa mihimili ya kati iliyokingamana kwa umbo la X. Ndiyo maana gari lisilo na paa la bati lilikuwa zito kuliko ndugu yake mwenye paa, kinyume na vile mtu angelidhania.

Paa lenyewe huinuka na kulala kwa kanuni ya Pascal, isemayo kwamba shinikizo linalotiwa katika kioevu kilichofungiwa huenea sawasawa pande zote. Mota ya umeme huzungusha pampu ndogo, pampu husukuma kioevu kwenye silinda mbili zilizo ubavuni nyuma ya kiti cha nyuma, na silinda hizo huinua kiunzi cha paa. Katika miaka hiyo kioevu kilichotumika mara nyingi kilikuwa mafuta ya breki. Mafuta hayo yana kasoro mbili: hufyonza unyevu kutoka hewani, na yakivuja huibabua rangi ya gari. Hivyo mtambo uliowekwa kwa starehe ya mwenye gari uliweza wenyewe kuwa mlango wa kutu.

ADUI ASIYELALA

Chuma hakipatikani ardhini kikiwa safi isipokuwa kwa nadra. Hupatikana kikiwa kimeungana na oksijeni katika mawe ya madini, na binadamu hukitenga kwa kutumia joto kali katika tanuri. Kutu ni safari ya kurudi: chuma huungana tena na oksijeni na maji.

Mwendo wa safari hiyo ni wa umeme. Mahali pamoja juu ya bati, atomu ya chuma hupoteza elektroni mbili na kuingia katika maji kama ioni. Elektroni hizo hupita ndani ya chuma hadi mahali pengine ambapo oksijeni iliyoyeyuka katika maji huzipokea. Kwa namna hiyo kila tone la maji juu ya bati tupu hufanya betri ndogo, na chuma ndicho kinacholiwa. Chumvi ikiwamo, umeme hupita katika maji kwa urahisi zaidi, na kutu huenda mbio. Katika majimbo ya kaskazini mwa Marekani chumvi humwagwa barabarani wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu, na magari ya huko huoza upesi kuliko yale ya majangwa ya kusini-magharibi. Mkazi wa pwani ya Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa sana jambo hili. Ameona jinsi mabati na misumari ya nyumba zinazoelekea bahari inavyokwisha mapema.

Kutu ina hila nyingine. Tabaka la oksidi juu ya alumini hushikamana na metali na kuilinda, lakini kutu ya chuma ni ya unga na yenye matundu, nayo huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Kwa hiyo huvimba, hubandua rangi, hutanua maungio ya mabati, na kufungulia maji njia mpya. Katika gari la paa la kukunja maji hupenya kwenye mishono ya kitambaa na pembezoni mwa vioo, yakatuama chini ya zulia, ndani ya milango, na katika mihimili ya bati iliyo chini ya milango. Huko haionekani mpaka bati limetoboka.

Sasa fumbo la Tulsa linafumbuka. Kutu haijali kama gari limetembea au limepumzika. Inachohitaji ni maji na oksijeni, na handaki lile lilikuwa na vyote viwili kwa miaka mingi, huku hakuna jicho lililoona wala mkono uliofuta. Gari linalotumika huangaliwa, hukaushwa na kupakwa rangi upya.

KARAKANANI

Ukarabati kamili huanza kwa kubomoa. Kabla ya fundi kukata bati lolote lililooza, huchomelea vyuma vya muda kukingama nafasi za milango. Asipofanya hivyo, gari ambalo halina paa la kulishika litapindika pale mihimili ya chini itakapoondolewa, na akishachomelea mabati mapya ataufanya upindo huo kuwa wa kudumu. Milango haitafunga tena. Kosa la saa moja huharibu kazi ya mwaka mzima. Kwa hiyo fundi mwangalifu hupima mapengo ya milango kabla ya kukata, wakati wa kukata, na baada ya kukata.

Kutu huondolewa kwa njia mbalimbali. Kupuliza mchanga kwa hewa ya shinikizo ni njia ya haraka, lakini huweza kukunja bati jembamba, na vumbi la mchanga likivutwa kifuani huleta ugonjwa wa mapafu usioponyeka. Kwa vipande vidogo hutumika elektrolisisi. Kipande huning'inizwa katika maji yaliyotiwa magadi ya kufulia, kikaunganishwa na ncha hasi ya chaja ya betri, na bati la chuma cha kawaida huunganishwa na ncha chanya. Elektroni husukumwa kuingia katika kipande, viputo vya haidrojeni hutoka, na kutu hulegea. Kazi hiyo hufanywa mahali penye hewa ya kutosha na mbali na moto, kwani haidrojeni hulipuka. Aidha, chuma kisichopata kutu hakifai kuwekwa kwenye ncha chanya, maana kromi iliyomo ndani yake huweza kuyageuza maji hayo kuwa sumu. Ikumbukwe pia kwamba elektrolisisi husafisha tu. Chuma kilichokwisha kuwa unga hakirudi kuwa bati, na palipotoboka pana budi kuchomelewa kipande kipya.

Bampa zina somo lake. Mng'ao wake unatokana na kromi, lakini tabaka la kromi huwa jembamba kuliko sehemu moja ya elfu ya milimita. Kinachoukinga chuma hasa ni tabaka nene zaidi la nikeli lililo chini yake, na mara nyingi chini ya nikeli huwapo shaba. Katika mapipa ya kupakia kromi kwa umeme, aina ya kromi iliyozoeleka tangu zamani ni sumu inayosababisha saratani kwa wafanyakazi wanaovuta mvuke wake. Hali kadhalika, viungo vya mabati katika magari ya zamani vilisawazishwa kwa madini ya risasi, na fundi anayevikwangua kwa msasa bila kujikinga huivuta sumu hiyo katika vumbi. Uzuri wa gari la kale umelipiwa, na bado unalipiwa, kwa afya ya watu wasioonekana katika picha za maonyesho.

PETROLI YA ZAMANI NA VALVU

Risasi ilikuwamo pia katika mafuta. Mwaka 1921 Thomas Midgley, akifanya utafiti katika General Motors, kampuni iliyomiliki Chevrolet, aligundua kwamba mchanganyiko wa risasi ukitiwa katika petroli huzuia injini kugonga. Injini ya mwaka 1957 ilisanifiwa kwa petroli hiyo. Mabaki ya risasi yalifanya utando mwembamba baina ya valvu za kutolea moshi na makalio yake, yasilane.

Lakini risasi hiyo hiyo ilitoka na moshi, ikaingia katika damu ya watu, na kudhuru hasa ubongo wa watoto. Marekani iliipiga marufuku kabisa katika magari ya barabarani mwaka 1996. Mwaka 2001 nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana mjini Dakar kuiacha, na ilipofika mwanzo wa mwaka 2006 zilikuwa zimetimiza azma hiyo kwa kiasi kikubwa. Algeria ilikuwa nchi ya mwisho duniani kuacha kuiuza kwa ajili ya magari, mwaka 2021. Kwa sababu hiyo mkarabati wa leo huchonga makalio ya zamani ya valvu na kupachika pete za chuma kigumu. Hapa uasilia unashindwa na afya ya jamii, na ni haki ushindwe.

VIBATI VIWILI

Gari linapokuwa na thamani, waghushi huzaliwa. Kwa kuwa gari la paa la kukunja huuzwa ghali kuliko la paa la bati, mtu asiye mwaminifu anaweza kulikata paa gari la kawaida na kuliuza kwa jina lisilo lake. Mkaguzi hutafutaje ukweli?

Huanza na kibati cha namba kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Namba inayoanza na VC57 humwambia kwamba gari ni la injini ya silinda nane (V), la daraja la Bel Air (C), la mwaka 1957. Lakini namba hiyo haisemi umbo la bodi. Hilo huandikwa katika kibati cha pili, kilichopo kwenye ukuta unaotenga injini na abiria: gari la paa la kukunja hupewa alama 57-1067D. Kibati hicho hutaja pia rangi za awali na aina ya viti.

Hata hivyo vibati viwili vinaweza kung'olewa na kuhamishwa. Kwa hiyo mkaguzi hulala chini ya gari na kuitafuta mihimili ya X, kisha hutafuta mahali pampu na silinda za paa zilipofungwa, na kuzitazama alama za kuchomelea kama ni za kiwandani. Tena hukwangua rangi kidogo mahali pa siri, na tabaka zikatokea moja baada ya nyingine kama duara za shina la mti, mpaka rangi ya kwanza. Ushahidi mmoja huweza kudanganya. Wa namna nne au tano, kila mmoja ukijitegemea, ni shida kuupanga useme uongo mmoja. Mwanasayansi yeyote ataitambua njia hiyo.

Ndipo tatizo kubwa linapojitokeza. Fundi anayelikwangua gari zima mpaka bati tupu na kulipaka rangi upya anaufuta ushahidi huo huo. Chevrolet za miaka hiyo zilipakwa laka ambayo haikuwa na kina cha mng'ao wa rangi za kisasa zinazofunikwa kwa tabaka angavu. Gari lililokarabatiwa huweza kung'aa kuliko lilivyopata kung'aa siku lilipozaliwa. Linapendeza, lakini kama hati ya historia limesema jambo ambalo halikuwako.

KUKARABATI AU KUHIFADHI?

Majibu ya swali hili yanatofautiana kwa kadiri ya mahitaji ya watu. Mjini Havana, nchini Kuba, Chevrolet za aina hii bado hubeba abiria kandokando ya bahari. Baada ya Marekani kuiwekea Kuba vikwazo kamili vya biashara mwaka 1962, vipuri havikuja tena, na mafundi wa huko walilazimika kuchonga vipuri wenyewe na kupachika injini za dizeli kutoka magari ya nchi nyingine. Mkusanyaji anayethamini uasilia atayaona magari hayo kuwa yameharibiwa. Lakini kila kipuri kigeni kilichomo ni kumbukumbu ya kweli ya miaka ya dhiki na ubunifu, na kukiondoa ili kurudisha injini ya 1957 kungeifuta historia hiyo.

Kwa upande wao, wakusanyaji wenyewe wamebadili fikra. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lilipitisha mwaka 2012 Hati ya Turin, ambayo inaelekeza kwamba gari la kale litunzwe kwanza kama urithi: kuhifadhi kutangulie kukarabati, kazi iliyofanywa iandikwe, na vipande vipya viweze kutambulikana. Hati hiyo ilifuata mfano wa Hati ya Venice ya mwaka 1964 inayohusu majengo ya kale. Siku hizi gari lenye rangi yake ya kwanza iliyofifia na viti vyake vilivyochakaa huweza kuthaminiwa kuliko lililofanywa jipya, kwa sababu rangi iliyoondolewa hairudi.

Haina maana kwamba kutu iachwe ile. Gari lililotoboka fremu ni hatari kwa dereva na kwa mpita njia. Kanuni inayofaa ni ya tabibu mwema: akate kilichooza, aache kilicho hai, na aandike alichokifanya. Plymouth ya Tulsa haikufanywa mpya. Tangu mwaka 2017 imewekwa katika makumbusho ya magari huko Roscoe, jimbo la Illinois, ikiwa na kutu yake.

JARIBIO KWA WANAFUNZI

Chukueni misumari mitano ya chuma iliyosafishwa kwa msasa, na mirija mitano ya majaribio. Mrija wa kwanza utiwe maji ya bomba. Wa pili utiwe maji yaliyochemshwa kuondoa hewa, na juu yake mafuta ya kupikia. Wa tatu uwe mkavu, uwe na kloridi ya kalsiamu ya kufyonza unyevu, na uzibwe. Wa nne utiwe maji ya chumvi. Wa tano utiwe pia maji ya chumvi, ila msumari wake uzungushiwe utepe wa zinki. Andikeni mnachokiona kila siku kwa muda wa juma moja, kisha mweleze ni nini kilichokosekana katika mirija ambayo misumari yake haikupata kutu, na kwa nini zinki ililiwa badala ya chuma. Mwisho, chagueni mrija unaofanana na handaki la Tulsa, na mseme mngewashauri nini wenyeji wa mji ule mwaka 1957 kabla hawajamwaga zege.